Bunduki ya Kwanza ya Bu Jassim

Alhamisi, 6 Septemba 2018
Daftari hili nimepewa bure leo Katara, kwenye maonyesho ya uwindaji. Wenzangu walipewa kofia. Nimeona nisilitupe.

Nilimpeleka Baba. Nyumba za huku Ghuba bosi wa kiume huitwa Baba na mkewe Mama, hata uwe umewazidi umri. Bu Jassim nimemzidi miaka mitatu, lakini ni Baba, na mimi Japheth ni Jafar, basi. Kwa kawaida dereva hungoja garini. Leo alinivuta mpaka ndani kwa sababu ajenti aliandika kwenye karatasi zangu kwamba nilikuwa askari wa wanyamapori kule Tsavo. Mshirika wake wa biashara amemwalika Uskochi kuwinda kulungu mwisho wa Novemba. Baba amewinda kwa kozi, ndege wa kuwindia, tangu utotoni, ila bunduki hajawahi kuishika. Anataka moja tu ya kuanzia, ya kazi zote: kulungu mkubwa, kulungu mdogo, karibu, mbali, na Mungu akipenda mbuzi wa milimani mwaka ujao.

Muuzaji akamwaga namba za risasi: 243, 270, 308, 300 Magnum. Baba akazisikiliza kama mtoto anayesomewa hesabu. Halafu akanigeukia.

"Jafar, wewe ndiye unayejua. Ipi?"

Jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza. Nikasema, "Zote nzuri, Baba."

Jioni dada yangu Roselyne akapiga kutoka Taita. Mzee Mwachofi amekubali tupatanishwe naye. Jumamosi tarehe 22 Disemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Miaka sita wamekataa, leo wamekubali.

"Usipokuja, kaka, usinitume tena kwa watu," akasema. "Mzee ana miaka themanini na nne. Akiondoka na hasira yake, imekwisha hiyo."

Mzee Mwachofi ni baba wa Cornelius. Cornelius nilimpiga risasi mimi.

Nikamwambia Roselyne sawa, nitakuja. Kisha nikala wali.

Ijumaa, 7 Septemba
Niandike mara moja, nisirudie. Agosti 2012, alfajiri, tulikuwa doria. Mtu akatoka kichakani anakimbia na gunia. Tukamwamuru asimame, hakusimama. Nikapiga risasi moja. Nilipomgeuza nikaona ni Cornelius wa kilima cha pili, tuliyesoma naye darasa moja. Uchunguzi ulisema nilifuata amri. Nikaacha kazi, nikaja Ghuba. Tangu siku hiyo watu wa kwao na wa kwetu hawachoti maji pamoja wala hawazikani.

Kwetu kuna kutasa. Mwenye kinyongo hutia kinywani pombe ya miwa, au maji kama ni mtu wa kanisa, akaitema mbele ya aliyemkosea, na hasira hutoka nayo. Watu wakiisikia hucheka. Mimi siichekei. Ndiyo pekee iliyobaki.

Jumapili, 9 Septemba
Nimeomba likizo. Miaka miwili imetimia, ni haki yangu, lakini kibali cha kutoka nchini anasaini Baba. Nilimwambia mama yangu ni mgonjwa sana. Ningemwambia nini? Kwamba anayewabeba watoto wake shuleni kila asubuhi aliua mtu?

Akacheka kidogo. "Mama wa madereva wote huugua Disemba," akasema. "Mimi nikirudi kutoka Uskochi na kulungu wangu, wewe utaenda. Inshallah."

Mama yangu alifariki mwaka 2014.

Jumatano, 12 Septemba
Jasho. Shule, soko, shule.

Jumamosi, 22 Septemba
Nilimpeleka mtaa wa The Pearl kwa rafiki yake Bu Saud, ambaye aliwahi kuwinda mara mbili na anazungumza kama aliyewinda mara mia mbili. Waliniita juu niwabebee sanduku. Bu Saud akawa anasema mwanamume hanunui kibunduki cha kupigia ndege, anunue 300 Magnum, ikipiga hapa kulungu anaanguka kule. Baba akaniuliza mbele ya watu: "Jafar, kweli?"

Nikasema, "Hiyo ni kubwa, Baba."

Wakacheka. Bu Saud akasema naam, hata dereva anajua ni kubwa.

Nilimsimulia Hadijah, mpishi wetu, mtu wa Likoni, mdomo kama pilipili. Akaweka mwiko chini. "We Japheth, mtu akuuliza kitu wakijua, nawe wamjibu kama karani wa posta! Una nini wewe? Husemi, huchukii, hucheki. Hata paka wa jirani ana maneno kukushinda." Sikumjibu. Akasema, "Waona sasa?"

Jumanne, 25 Septemba
Ukweli niuweke hapa, kwa kuwa mdomoni hautoki. Anayeanza achukue 308. Teke lake begani linavumilika, kwa hiyo atafanya mazoezi bila kuogopa, na kulenga hutokana na mazoezi, hakutokani na ukubwa wa risasi. Inamtosha kulungu mkubwa na haimharibu mdogo. Risasi zake zinauzwa kila duka duniani. Achukue ya kukoki kwa mkono, darubini ya kawaida tu, amalize. Mwalimu yeyote angesema hivyo kwa dakika mbili.

Lakini bunduki ya G3 tuliyopewa kazini inakula risasi hiyohiyo. Ndiyo iliyompata Cornelius. Kila nikitaka kuitaja ulimi unakuwa ubao.

Jumapili, 14 Oktoba
Leseni imetoka, amenunua 300 Magnum na darubini ndefu kama bomba la maji. Namba ya bunduki imeshatumwa Uskochi kwa mwenyeji wake, akaombe kibali cha kuiingiza. Watoto walipiga nayo picha sebuleni. Mama akawafokea wote, na Baba akiwemo.

Jumamosi, 20 Oktoba
Mvua ya mwaka mzima imenyesha leo. Barabara za chini ya madaraja zimejaa maji, magari yanaelea. Nilikwama kwa muda wa saa tatu. Watu walikuwa wanapiga picha na kufurahi. Nilitazama maji tu.

Jumapili, 28 Oktoba
Kuanzia leo watu wa makampuni hawahitaji tena kibali cha kutoka. Omondi, mlinzi kule The Pearl, alinipigia akipiga vigelegele kama mwanamke. "Jamaa, naeza enda airport hata saa hii!" Sisi wa majumbani bado. Siku hamsini na tano zimebaki.

Ijumaa, 2 Novemba
Siku ya kwanza uwanja wa shabaha. Bu Saud alikuja kufundisha. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, nikawaona wanavyofanya, na kila walichofanya kilikuwa makosa. Baba aliweka jicho karibu mno na darubini. Kitako cha bunduki hakikukaa begani, kilining'inia mkononi. Nilijua kitakachotokea kama mtu anayeona kikombe ukingoni mwa meza. Nikakaa.

Bunduki ikalia. Baba akarudi nyuma akiwa ameshika uso, damu inapita katikati ya vidole. Darubini ilikuwa imempasua nyusi mpaka nyama. Bu Saud akapiga kelele, "Hamna kitu, hamna kitu!" Mimi ndiye niliyemfunga kwa ghutra yake mwenyewe, kile kitambaa cha kichwani, na kumpeleka akashonwe. Nyuzi sita.

Njiani alikaa kiti cha mbele, jambo asilolifanya. Akauliza, "Ulijua?"

Nikasema, "Nilifikiri Bwana Bu Saud anajua."

"Sikuuliza hivyo."

Nikawasha kiashirio, nikakata kona. Nikangoja aibu ije, kwa sababu ilistahili kuja. Haikuja.

Jumatatu, 5 Novemba
Hadijah anasema nyusi ya Baba sasa ina njia ya magari mawili.

Ijumaa, 9 Novemba
Uwanjani tena. Anafumba macho kabla ya kufyatua. Bega limekuwa bluu. Risasi kumi na mbili, karatasi imeguswa mara moja, tena pembeni.

Ijumaa, 16 Novemba
Vilevile. Bu Saud hakuja. Amepatwa na shughuli.

Jumapili, 18 Novemba
Imekwisha. Asubuhi Baba alisema hawezi kwenda kuaibika mbele ya wageni. Safari ameisogeza: ataondoka tarehe 16 Disemba, atarudi 30. Mimi nibaki, Mama na watoto hawawezi kukaa bila dereva. Likizo yangu Januari. "Mama yako anaendeleaje?" akauliza.

"Bado anaumwa, Baba."

"Namwombea kila siku," akasema, na akaingia ndani.

Nilikaa garini. Hesabu ni rahisi, hata mjinga anaipata. Nilificha neno moja, akanunua bunduki isiyomfaa, ikamtia woga, woga ukasogeza safari, na safari imelala juu ya tarehe 22. Nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Nilingoja nikasirike.

Nikampigia Roselyne. Akasema, "Mimi sipeleki habari hiyo. Nimetembea kwa wale watu miaka sita, nimekalishwa nje kwenye jua kama mdai. Mpigie Mama Winfred umwambie mwenyewe."

Mama Winfred ni mjane wa Cornelius. Namba yake ninayo siku nyingi. Nikapiga. Akasema, "Haloo? Nani mwenzangu?" Sauti haina ubaya wowote. Nikakata.

Ijumaa, 23 Novemba
Leo ni ndefu.

Tulikuwa wawili tu uwanjani. Baba akapiga tatu, zote mchangani. Akaiweka bunduki chini taratibu, akakaa karibu nami kwenye benchi la madereva. Kovu bado jekundu. Nilidhani atanifokea. Akasema kwa upole, na upole ndio ulionishinda: "Mimi ni mwoga, Jafar? Niambie tu."

Sijui nilisimamaje. Nikamwambia hapana, Baba, si mwoga, bunduki hii ndiyo imekufundisha uoga. Nikamwomba msimamizi wa uwanja risasi moja ya bandia, isiyo na baruti. Nikamwambia Baba ageuke asione. Nikazipanga nne za kweli, na ya bandia katikati, kama tulivyofundishwa chuoni. Akapiga mbili, zikalia. Ya tatu akafyatua, ikafanya "ta" tu, haikulia, na mtutu ukazama chini shubiri nzima. Hakukuwa na teke, hakukuwa na mlio, lakini mwili wake ulishtuka peke yake.

Akautazama mtutu. "Ni mimi," akasema.

"Ni wewe, Baba. Mwili unajikinga na pigo ambalo halijafika. Inaponyeka. Lakini si kwa bunduki hii."

"Kwa ipi?"

Nikasema, "308." Nimeisema. Ilitoka kama mfupa uliokwama kooni.

Uwanja una bunduki za kukodisha. Tukaleta 308 ya kawaida. Nikamweka kitako mahali pake, nikamsogeza jicho nyuma, nikamwambia atoe pumzi nusu, afinye polepole, asijue itatoka lini. Ya kwanza ikashika karatasi. Ya nne ikaingia ndani ya duara. Baba akacheka mpaka msimamizi akageuka. Akanikumbatia, jamani. Kisha akaniachia, akanitazama, na uso wake ukabadilika.

"Siku ile Katara ulikuwa unalijua jibu."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikapasuka uso. Kwa nini? Nimekukosea nini?"

Ningesema uongo mwingine, ninao wa kutosha. Lakini nilikuwa nimeshaishika ile bunduki, mikono ilikuwa inanuka baruti, na nilichoka. Nikamwambia. Tsavo, alfajiri, gunia, Cornelius. Risasi ya namba ile. Tarehe 22. Nikamweleza kutasa kwa Kiarabu changu cha sokoni na Kiingereza kidogo, kwamba mzee wa marehemu ameita watu, na nisipofika hataita tena.

Nilijua atasema khalas, imekwisha, funga virago, hutabeba tena watoto wangu.

"Sulhu?" akasema. "Wamekuita kwenye sulhu?"

"Ndiyo, Baba."

Akasimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata siku ya nyuzi sita. "Na wewe umekaa hapa! Unabeba mboga! Mtu aliyeitwa kwenye sulhu hazuiwi na baba yake mzazi, seuze mimi! Babu yangu alichelewa sulhu siku mbili kwa sababu ngamia wake alikuwa anazaa. Siku mbili! Mpaka leo hatuoani na watu wale. Ungeniambia Septemba ningekupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Badala yake unaniletea mama mgonjwa, kama dereva yeyote!" Akakaa tena kwenye benchi. "Mama yako anaumwa kweli?"

"Alifariki, Baba. 2014."

Akashika kichwa. "Astaghfirullah. Miezi mitatu namwombea apone!"

Nilicheka. Sikukusudia. Ilinitoka kwa nguvu, mbele ya bosi, mtu mzima mimi. Naye akajizuia, akashindwa. Tulicheka wote wawili kama wehu, na katikati ya kicheko niliona aibu, ile niliyoingoja wiki tatu.

Nilimwona huyu mtu miaka miwili kama kiti cha nyuma kinachoongea. Nimekosea.

Jumapili, 25 Novemba
Amesaini. Nitaondoka tarehe 19 Disemba. 308 atanunua, karatasi za Uskochi zitaandikwa upya, ataenda Januari na kuwinda majike, kwa kuwa msimu wa madume umekwisha. Bu Saud hajaambiwa. Hadijah amesikia nusu ya habari mlangoni, nusu nyingine nimemwambia mimi. Hakutania. Akasema, "Nenda, kaka. Na useme yote."

Ijumaa, 7 Disemba
Saba kati ya kumi ndani ya duara.

Jumanne, 18 Disemba
Sikukuu ya taifa, bendera kila gari. Nimefunga virago. Baba ametuma kahawa na tende kwa Mzee Mwachofi. Anasema kwenye sulhu mtu haendi mikono mitupu, na asiambiwe mzee zimetoka kwa nani.

Jumamosi, 22 Disemba. Taita
Naandika kwa kalamu ya Roselyne.

Tulikaa nyuma ya nyumba ya Mzee Mwachofi, watu kama thelathini. Mzee amekonda, macho yana ukungu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia, na sikutegemea. Kaka yake akasimama akasema sheria: kabla ya kutema, kila mtu aseme yaliyo moyoni. Ukificha neno, baraka inageuka juu ya watoto wako.

Nikasema niliyoyasema kwenye uchunguzi. Amri, gunia, risasi moja, akafa papo hapo.

Mama Winfred alikuwa amekaa mkekani, binti yake Winfred kando, msichana mrefu sasa. Akauliza, bila kupandisha sauti, "Papo hapo, Japheth?"

Kwenye uchunguzi wote tuliandika papo hapo. Nimeyarudia maneno hayo miaka sita mpaka yakawa kama nimeyaona.

Nikasema, "Hapana, Mama Winfred. Aliishi kama robo saa."

Watu walinung'unika. Mzee akainua mkono wakanyamaza.

"Alisema kitu?"

"Alinitambua. Aliniita jina. Ndani ya gunia mlikuwa na digidigi mmoja. Akasema, 'Japheth, hiyo nyama ipelekeni nyumbani, watoto hawajala tangu jana.'"

Winfred akafunika uso. Mama yake hakusogea. Akauliza, "Mkaipeleka?"

"Hatukuipeleka. Ilikuwa ushahidi. Iliozea stoo."

Hapo ndipo nililia. Si kulia kwa heshima, ni kulia kwa mtoto, kamasi na yote, na hakuna aliyenigusa wala kuniambia nyamaza. Nikasema nakuombeni radhi, nilimwacha afe akidhani watoto wake watakula.

Mzee Mwachofi akapewa kibuyu. Akatia pombe kinywani, akakaa nayo. Alikaa nayo muda mrefu sana, mashavu yamejaa, machozi yanamshuka, na mimi nikajua anaweza kuimeza na kuondoka, na ni haki yake. Kisha akaitema. Ilinipata kifuani, ya uvuguvugu. Akasema maneno kwa lugha yetu, nami sitayaandika hapa. Akatema tena. Mara ya tatu akashikwa na kikohozi, nikamshika mkono asianguke, naye hakuuondoa.

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Watu walipogawiwa, Mama Winfred akaja na sahani ya nyama, akaiweka mbele yangu. Nikamwambia siwezi. Akakaa chini karibu yangu, akangoja mpaka nikaimaliza.